Mataa ya mfano yamegoma: kutafuta hitilafu kuanzia betri hadi taa

Umeunga saketi yako ya mataa ya barabarani, umeunganisha betri, na badala ya nyekundu, njano na kijani kupokezana kwa zamu, umepata giza au rangi zinazowaka ovyo. Usianze kung'oa waya. Saketi yenye kosa inaonyesha kosa lake kwa namna inavyowaka, na ukiibomoa kwa hasira dalili nazo zinapotea.

Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa wanafunzi na walimu wa klabu za sayansi. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze Uganda mwaka 2020, kazi za mradi zimekuwa sehemu ya masomo tangu S.1 (mwaka wa kwanza wa sekondari), na mataa ya mfano yanafaa sana kwa kazi hiyo. Vipuri vyake ni vichache, na kila mtu aliyewahi kukwama kwenye foleni ya Wandegeya au Jinja Road, Kampala, anajua yanavyopaswa kuonekana. Anajua pia kwamba afisa wa trafiki mwenye sare nyeupe anaweza kuyapuuza yote akaita magari kwa mkono, lakini hilo si tatizo la umeme.

Saketi tunayoizungumzia

Ina IC (chipu) mbili. Ya kwanza ni 555, yenye miguu 8, na kazi yake ni kutoa mapigo. Ya pili ni 4017, yenye miguu 16, inayohesabu mapigo hayo kutoka la kwanza hadi la kumi kisha inarudi mwanzo. Katika kila pigo, mmoja tu kati ya miguu yake kumi ya kutolea ndio unaokuwa na umeme. Dayodi ndogo za 1N4148, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinaikusanya miguu hiyo katika makundi matatu. Kila kundi linapita kwenye rezista ya 10k (ohm 10,000) hadi besi, yaani mguu wa kuiamuru, ya transista ya BC547, na transista ndiyo inayowasha LED iliyo na rezista yake ya ohm 330. Umeme unatoka kwenye betri nne za AA, yaani volti 6.

Zamu tunazozitaka ni za mtindo wa Uingereza: nyekundu mapigo manne, nyekundu na njano pamoja pigo moja, kijani mapigo manne, njano pigo moja. Kwenye 555, rezista R1 ya 10k inatoka chanya hadi mguu wa 7, R2 ya 68k inatoka mguu wa 7 hadi wa 6, miguu ya 2 na 6 imeunganishwa, na kapasita C ya mikrofaradi 10 inashuka kutoka hapo hadi hasi. Muda wa pigo moja ni 0.693 × (R1 + 2R2) × C, ambao kwa thamani hizi ni sekunde moja hivi. Mzunguko mzima basi ni sekunde kumi.

Ongeza kitu kimoja ambacho wengi hawakiweki: LED ya ziada yenye rezista ya 1k kutoka mguu wa 3 wa 555 hadi hasi. Nitaiita taa ya mapigo. Haina kazi barabarani, lakini inaigawa saketi katika nusu mbili, na swali la kwanza katika karibu kila hitilafu ni: taa ya mapigo inafanya nini?

Giza tupu, hata taa ya mapigo haiwaki

Hapa bado usiziguse IC. Weka mita ya kupimia umeme (multimita) kwenye volti za DC, kipimo cha 20, na upime moja kwa moja kwenye mguu wa 8 na mguu wa 1 wa 555. Usipime kwenye betri. Betri inaweza kuwa na volti 6 kamili na chipu isipate hata moja.

Kama kwenye chipu hakuna kitu, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi utakapoupata umeme. Mkosaji mkubwa ni bredibodi ndefu, ule ubao wa matundu wa kuungia saketi bila kulehemu. Reli zake za chanya na hasi mara nyingi zimekatika katikati, ingawa mstari mwekundu uliochorwa juu yake unaweza kukudanganya. Ukiona mstari wenyewe una pengo katikati, basi na chuma kilichomo ndani kimekatika hapo. Weka kipande cha waya kuunganisha nusu hizo mbili, juu na chini. Mkosaji wa pili ni springi ya kishikio cha betri, iliyoshika kutu au iliyolegea.

Kama volti zipo ukipima bila saketi lakini zinaanguka hadi 2 au 3 mara tu unapoiunganisha, kuna njia mbili. Ama betri zimechoka, ama kuna shoti, yaani chanya na hasi zimegusana. Gusa chipu kwa kidole: ikichoma, chomoa betri sasa hivi. 4017 iliyogeuzwa kichwa chini inapokea chanya mahali pa hasi, maana mguu wa 16 na wa 8 wamekaa kinyume kabisa, na hupata moto mara moja. Tazama ule mkato mdogo kwenye kichwa cha chipu. Ukiuelekeza kushoto, mguu wa 1 uko chini upande wa kushoto.

Sababu nyingine ya chipu kuungua ni jina lake. Dukani utauziwa 4017 yenye maandishi CD4017 au HCF4017, na hiyo inavumilia betri ya volti 9 bila wasiwasi. Lakini ikiandikwa 74HC4017, kikomo chake cha kazi ni volti 6. Ukiipa 9, inakufa, na hakuna dalili yoyote nje kwamba umeiua. Kwa macho mbili hizi ni pacha, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kulipa.

Kuhusu ile betri ya mraba ya volti 9: siipendi kwa mradi huu. Ile ya bei ya chini ina nguvu ndogo sana, na ikianza kuchoka volti zake zinashuka kila taa inapowaka, hadi 555 yenyewe inayumba. Betri nne za AA zinakaa muda mrefu zaidi na hitilafu zake ni rahisi kuzisoma.

Taa ya mapigo imeganda

Kama taa ya mapigo inawaka bila kuzima, au imezima tu wakati umeme upo, shida iko kwenye 555 na vitu vinne vinavyoizunguka. 4017 isahau kabisa kwa sasa.

Pima volti kati ya mguu wa 6 na hasi. Saketi nzima ikiwa na volti 6, hapo utaona namba zinapanda hadi 4 na kushuka hadi 2, tena na tena, kwa sababu 555 hujaza kapasita hadi theluthi mbili za umeme wote kisha huimwaga hadi theluthi moja. Kama mita yako ni ya polepole na namba zinakuruka, weka kwa muda kapasita ya mikrofaradi 100. Pigo litachukua sekunde kumi na utaona kila kitu kwa raha.

Sasa zisome namba. Mguu wa 6 una volti 6 kamili na taa ya mapigo imezima: kapasita imejaa na haina pa kumwagia, kwa hiyo mguu wa 7 haujagusa, au R2 imechomekwa tundu la jirani. Volti zimekwama chini ya 4 na taa ya mapigo inawaka tu: kapasita haijai. Ama umeigeuza, ama ni mzee anayevuja. Kapasita za kung'oa kwenye redio zilizokufa ni nzuri kwa mambo mengi, lakini kwenye saketi ya muda zinasumbua. Ule upande wenye mstari wa alama za kutoa ndio wa hasi. Volti hazisogei kabisa kutoka sifuri: R1 haifiki kwenye chanya, au kapasita imepiga shoti.

Mguu wa 4 nao uangalie. Ni wa kuizima 555, na lazima uunganishwe kwenye chanya. Ukiachwa hewani, saketi inaweza kufanya kazi asubuhi na kugoma jioni, au kuamka ukiikaribia kwa mkono.

Chipu yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. 555 ilibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 kwa kampuni ya Signetics, ikaingia sokoni mwaka uliofuata, na bado inauzwa kila mahali kwa sababu ni ngumu kuharibika. Mwanafunzi anayekuja na 555 "iliyokufa" mara nyingi ana waya uliokaa tundu moja pembeni. Ukiwa Kotido au Kisoro, ambako hakuna duka la IC pale kona, tofauti hiyo ni safari nzima ya basi.

Mapigo yapo, lakini rangi haibadiliki

Taa ya mapigo inawaka na kuzima vizuri, lakini nyekundu imekaa palepale. 4017 haihesabu. Ina miguu miwili inayoweza kuizuia: wa 13, ambao ukiwa na umeme unasimamisha hesabu, na wa 15, ambao ukiwa na umeme unairudisha mwanzo. Yote miwili iende hasi. Isiachwe hewani, kwa sababu mguu wa chipu ya aina hii ukiwa hewani unaokota umeme wowote uliopo karibu, hata wa kidole chako. Jaribio lake ni rahisi: ukisogeza mkono karibu na chipu na hesabu ikabadilika tabia, kuna mguu unaoning'inia.

Kama miguu hiyo iko sawa, hakikisha waya kutoka mguu wa 3 wa 555 unafika mguu wa 14 wa 4017, si wa 13. Wamekaa jirani, na macho yanachoka.

Kuna hali moja inayowashangaza hata mafundi. Umeacha betri ukaamua kutumia chaja ya simu, volti 5. Taa ya mapigo inawaka, nyaya zote ziko sahihi, lakini 4017 inahesabu mara moja moja au haihesabu kabisa. Sababu ni kwamba 555 ya kawaida haitoi volti zote inazopewa. Mguu wa 3 unabaki chini ya umeme wa saketi kwa zaidi ya volti moja. Kwa umeme wa volti 5, 4017 inahitaji takriban 3.5 ili itambue pigo kwa uhakika, na 555 yako inaichungulia namba hiyo kwa shida, hasa ikiwa pia inalisha taa ya mapigo. Weka rezista ya 1k kutoka mguu wa 3 hadi chanya, na uiondoe taa ya mapigo ukishamaliza kupima. Au nunua aina ya CMOS, kama 7555 au TLC555, ambayo inatoa volti karibu zote.

Rangi zinabadilika, lakini zamu si zenyewe

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu hapa saketi inakutajia waya wenye kosa kwa namba. Unachohitaji ni kuhesabu.

Miguu ya kutolea ya 4017 haikupangwa kwa mfuatano. Pigo la kwanza linatoka mguu wa 3, la pili mguu wa 2, la tatu mguu wa 4, la nne mguu wa 7, la tano mguu wa 10, la sita mguu wa 1, la saba mguu wa 5, la nane mguu wa 6, la tisa mguu wa 9, na la kumi mguu wa 11. Nakili orodha hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani. Aliyeunga saketi kwa kufuata miguu 1, 2, 3, 4 atapata nyekundu inayokatizwa na kijani kisha njano kisha nyekundu tena, na atadhani chipu imerukwa na akili.

Kwa saketi yetu, nyekundu inachukua miguu ya 3, 2, 4, 7 na 10. Njano inachukua wa 10 na wa 11. Kijani kinachukua wa 1, 5, 6 na 9.

Sasa weka kapasita ya mikrofaradi 100, subiri nyekundu ianze, na uhesabu kwa sauti. Tuseme nyekundu inawaka pigo la kwanza na la pili, la tatu ni giza, la nne inawaka. Pigo la tatu ni mguu wa 4. Dayodi yake haijagusa, au imekatika ndani, au waya wake umechomoka. Hakuna haja ya kugusa kitu kingine.

Lakini ukiona rangi nzima imekufa, mapigo yake yote, wakati nyingine zinafanya kazi, usitafute dayodi iliyokatika. Tafuta iliyogeuka. Dayodi moja iliyowekwa kinyume haizimi pigo lake tu. Inauvuta umeme wa kundi lote kuelekea mguu wake, ambao wakati huo hauna umeme, na transista inabaki na njaa. Ni kosa la kipuri kimoja linaloonekana kama kosa la vipuri vitano. Ule mstari mweusi kwenye dayodi lazima uelekee kwenye transista. Kagua zote za kundi hilo, macho yanatosha. Zikiwa zote sawa, ndipo uende kwenye LED na transista yenyewe.

Njano inawaka kila nyekundu inapowaka? Pigo la tano linahudumia rangi mbili, kwa hiyo mguu wa 10 unahitaji dayodi mbili, moja kwa kila kundi. Ukitumia moja kisha ukagawa waya baada yake, umeyaunganisha makundi mawili kuwa moja.

Halafu kuna wale wanaoziacha dayodi kabisa na kuunganisha miguu moja kwa moja ili kuokoa pesa. Usifanye hivyo. Mguu wenye umeme unakuwa unausukuma kwenye mingine isiyo nao, taa zinakuwa hafifu na chipu inapata joto. Kama dayodi hazitoshi, kuna njia ya halali: mguu wa 12 wa 4017 una umeme kwa mapigo matano ya kwanza na hauna kwa matano yanayofuata. Hizo ndizo zamu za nyekundu yetu kamili. Upeleke mguu wa 12 kwenye rezista ya 10k ya nyekundu, na umeokoa dayodi tano kwa mpigo.

Taa inawaka lakini ni hafifu

Kwanza soma rangi za rezista tena, mchana, si kwa mwanga wa tochi ya simu. Ohm 330 ni chungwa, chungwa, kahawia. Ile ya 33k ni chungwa, chungwa, chungwa, na ukiiweka kwenye LED utapata mwanga wa kuonekana gizani tu.

Pili, transista. BC547 ukiigeuzia uso bapa kwako, miguu yake kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Duka likikosa BC547 litakupa 2N3904 na kukuambia ni ile ile. Kwa kazi hii inafaa, lakini miguu yake ni emita, besi, kolekta. Ukiiweka bila kuigeuza, itafanya kazi kinyumenyume: mara nyingi LED inawaka, lakini kwa unyonge. Igeuze tu.

Wengine hawatumii transista kabisa, wanaunga LED moja kwa moja kwenye 4017. Kwa volti 9 inapita, kwa volti 5 chipu hiyo haina nguvu ya kuwasha LED vizuri, na kupunguza rezista hakusaidii.

Kijani peke yake kikiwa hafifu, inategemea ni LED ya aina gani. Zile za zamani, zenye kijani cha kuelekea njano, hutumia volti 2 na kidogo na mwanga wake kwa kawaida ni mdogo kuliko nyekundu. Zipe ohm 220 badala ya 330. Zile mpya zenye kioo kisicho na rangi na kijani kikali zinataka volti 3 hivi, kwa hiyo betri zikichoka hufifia kabla ya wenzake. Na mita ya bei nafuu ikiwekwa kwenye alama ya dayodi inaweza kushindwa kuiwasha LED ya namna hiyo. Usiitupe kwa sababu hiyo. Ijaribu kwa betri mbili za AA.

Wazo la kung'oa LED kwenye balbu zilizoungua nalisikia sana. Nyingi zimejengwa kwa vipande kadhaa ndani ya kimoja na zinataka volti 9, 18 au zaidi, na zote ni nyeupe. Ziache.

Zote tatu zinawaka kwa wakati mmoja

Zungusha saketi haraka mkononi kwenye chumba chenye giza, au izungushie kamera ya simu. Ukiona vitone badala ya mstari, taa zinapepesa kwa kasi, kiasi kwamba jicho halishiki zamu zao. Umeweka kapasita ya nanofaradi 100 mahali pa mikrofaradi 10, na mapigo yamekuwa karibu mia kwa sekunde. Kapasita ile ndogo ya kahawia yenye maandishi 104 ni hiyo.

Inaruka mapigo, au inahesabu mawili kwa moja

555 ya kawaida inapobadilika hali hufyonza umeme mwingi kwa muda mfupi mno, na volti za saketi nzima zinatikisika. 4017 inaweza kuuona mtikisiko huo kama pigo jingine. Dawa yake ni ile ile kapasita ya 104: moja kati ya mguu wa 16 na wa 8 wa 4017, nyingine kati ya mguu wa 8 na wa 1 wa 555, karibu na chipu kadiri inavyowezekana. Mbali na chipu, kwenye mwisho wa reli, hazisaidii sana. Kama bado, ongeza ya mikrofaradi 100 mahali umeme unapoingia.

Nyaya ndefu zenye nyuzi nyingi, zilizokatwa kwenye chaja za zamani, nazo zinachangia. Nyuzi moja inachomoka na kugusa tundu la jirani. Waya bora kwa bredibodi ni ule wa ndani ya kebo ngumu ya mtandao wa kompyuta. Mita moja ina nyaya nane za rangi tofauti, na mafundi wa intaneti huacha vipande vingi.

Inafanya kazi kidogo, kisha inazima yenyewe

Kama umeme unatoka kwenye pawabanki, saketi haina kosa. Pawabanki nyingi zikiona umeme unaotumika ni mdogo zinadhani simu imejaa, zinajizima. Mataa yetu yanatumia kidogo mno. Tumia betri.

Wenye sola nyumbani huunga kwenye betri ya volti 12. Inawezekana, lakini jua likiwa kali betri hiyo hupita volti 14, na ohm 330 hazitoshi kuilinda LED, weka 1k. Weka pia fyuzi ndogo kwenye waya wa chanya, kwa sababu betri ya sola ikipigwa shoti inayeyusha waya kabla hujasema lolote. Na kwenye soketi ya ukuta, volti 240, mradi huu usikaribie kabisa, isipokuwa kupitia chaja nzima ya simu.

Ukikata waya wa chaja, usiziamini rangi. Nyekundu huwa chanya na nyeusi hasi, ila kwenye nyaya za bei ya chini nimekuta nyeupe na kijani zikibeba umeme. Pima kwanza.

Umeongeza barabara ya pili, na kijani ni pande zote mbili

Umenakili makundi ya dayodi ya barabara ya kwanza. Barabara ya pili lazima iwe mapigo matano nyuma: kijani chake kitoke miguu ya 3, 2, 4 na 7; njano yake mguu wa 10 na wa 11, kama ile ya kwanza; nyekundu yake miguu ya 1, 5, 6, 9 na 11. Utaona kwamba hakuna wakati ambapo pande zote ni nyekundu. Makutano ya kweli yana sekunde hizo, na ukimkumbuka dereva wa taksi anayeivizia njano utaelewa kwa nini. Kwa 4017 moja hatuna mapigo ya kutosha kuzitengeneza.

Wanaotumia Arduino

Arduino ni ubao mdogo unaoandikiwa programu kwenye kompyuta, nao unashika nafasi ya 555 na 4017. Hapa hitilafu nyingi ziko kwenye programu. LED inawaka kwa mwanga wa kufa: umesahau kutangaza pini kuwa ya kutolea kwa pinMode, kwa hiyo umeme unapita kwenye rezista kubwa ya ndani ya chipu. Rangi zinapita kwa kufumba na kufumbua: namba ya delay ni milisekunde, na 1000 ndiyo sekunde moja. LED inachezacheza unapopakia programu: umetumia pini 0 au 1, ambazo ni za mawasiliano na kompyuta. Kompyuta haiuoni ubao: nakala nyingi za bei nafuu zina chipu ya CH340, na baadhi ya kompyuta zinahitaji kuwekewa programu yake. Kabla ya hayo yote badilisha kebo ya USB, kwani kuna kebo za kuchajia tu.

Ilikuwa nzima mezani, ndani ya boksi imekufa

Ukitumia kopo la bati, miguu ya LED inagusa bati, na bati linaunganisha kila kitu na kila kitu. Ondoa umeme, weka mita kwenye alama ya sauti, gusisha ncha moja kwenye bati na nyingine kwenye kila mguu wa LED. Ikilia hata mara moja, umepata. Vipande vya mrija wa soda au mrija wa plastiki wa waya vinatosha kuvika miguu hiyo.

Kwenye boksi la kadibodi, tatizo huwa nyaya kuvutwa mlango unapofunguliwa. Acha waya mrefu kidogo, na uufunge ndani kwa uzi kabla haujafika kwenye bredibodi. Kama umelehemu, tazama kila kiungo: kinachong'aa na kuteremka vizuri kwenye mguu ni kizuri, cha kijivu kilichokaa kama tone juu ya mguu kirudie kwa moto. IC usizilehemu moja kwa moja kwenye ubao. Nunua soketi zake, uzichomeke mwisho kabisa, ukiwa umeshapima volti kwenye matundu ya 8 na 1, na ya 16 na 8.